Zege linataka maji machache siku ya kumwaga, na mengi siku saba zinazofuata

Kila Desemba Kibosho hujaa watu. Ndugu walioko Dar es Salaam, Arusha na Mwanza hupanda nyumbani kwa Krismasi, na wengi huja na fedha ya ujenzi: jamvi la nyumba ya mama, tangi la maji, linta ya nyumba iliyosimama mwaka mzima, au slabu ya ghorofa. Kazi hufanywa haraka kwa sababu mwenye fedha anataka aione kabla hajarudi kazini. Zege humwagwa Jumamosi. Jumapili watu wako kanisani. Jumatatu fundi ameshapata kazi kijiji cha pili, na zege limebaki peke yake bila tone la maji.

Miezi michache baadaye mama anafagia sakafu na kila siku anatoa vumbi la kijivu. Nyufa zinaonekana. Tangi linavuja. Watu husema simenti ilikuwa mbaya. Mara nyingi simenti haina kosa. Kosa ni maji: yalitiwa mengi wakati wa kuchanganya, na hayakutiwa kabisa baada ya hapo.

Zege halikauki, linakomaa

Tope likikauka linakuwa gumu kwa sababu maji yametoka. Zege halifanyi hivyo. Simenti inapokutana na maji, vitu hivyo viwili huungana na kuwa kitu kipya kigumu kinachoshika mchanga na kokoto pamoja. Ndiyo maana zege hukomaa hata ndani ya maji, kama nguzo za madaraja zinavyoonyesha. Maji yakiisha mapema, muungano huo unasimama njiani na zege linabaki changa.

Kazi hiyo huanza mara tu baada ya kuchanganya na huendelea kwa wiki nyingi. Likitunzwa vizuri, zege la siku 7 huwa limefikia kama theluthi mbili ya nguvu ya siku 28. Wahandisi huhesabu nguvu ya zege kwa siku hizo 28. Lisipomwagiliwa kabisa, linaweza kuishia karibu nusu ya nguvu ambayo lingeipata. Umelipia mfuko mzima wa simenti, umetumia nusu.

Kwa nini maji mengi wakati wa kuchanganya ni hasara

Mfuko mmoja wa kilo 50 unahitaji kama lita 12 tu za maji ili simenti yote iungane. Kwa kiasi hicho zege lingekuwa kavu mno, lisingesukumika wala kushindiliwa, kwa hiyo tunaongeza kidogo ili lifanyike kazi. Kipimo kizuri ni lita 25 hadi 30 kwa mfuko, yaani ndoo moja ya lita 20 na robo, hadi ndoo moja na nusu.

Maji yanayozidi hayapotei bure. Hukaa ndani ya zege, na yakitoka huacha vijitundu vyembamba. Vijitundu hivyo hupunguza nguvu, hupitisha maji ya tangi na hufikisha unyevu kwenye nondo mpaka zikashika kutu. Mwaka 1918 mtaalamu wa Marekani, Duff Abrams, aliyekuwa akifanya majaribio mjini Chicago, alionyesha kwamba kwa vifaa vilevile nguvu ya zege hufuata uwiano wa maji na simenti. Ukitoka lita 25 kwa mfuko ukafika lita 35, unaweza kupoteza karibu theluthi moja ya nguvu.

Saidia fundi hupenda zege la uji kwa sababu linamwagika lenyewe na halichoshi mikono. Mwenye nyumba ndiye anayelipa kwa urahisi huo.

Jambo jingine ni mchanga wenyewe. Vuli hunyesha hadi Desemba, na mchanga uliolala nje umeshakunywa maji. Ndoo moja ya mchanga uliolowa inaweza kuwa na zaidi ya lita moja ya maji. Ukitumia ndoo tatu na nusu kwa mfuko, umeshaingiza kama lita 4 au 5 bila kujua. Siku hiyo anza na maji pungufu, ongeza kidogo kidogo.

Vipimo vya kuchanganya

Pima kwa ndoo, usipime kwa machepe. Chepe moja huchota nyingi asubuhi na kidogo jioni watu wakichoka. Mfuko mmoja wa simenti una ujazo wa lita 35 hivi.

Kwa jamvi na kazi za kawaida za chini, kipimo cha 1 kwa 2 kwa 4: mfuko mmoja, ndoo tatu na nusu za mchanga, ndoo saba za kokoto, kwa ndoo za lita 20.

Kwa linta, nguzo, bimu na slabu zenye nondo, kipimo cha 1 kwa moja na nusu kwa 3: mfuko mmoja, ndoo mbili na nusu za mchanga, ndoo tano za kokoto. Kama una mchoro wa mhandisi, fuata mchoro. Nyumba ya ghorofa isijengwe kwa makala wala kwa uzoefu wa fundi peke yake. Inahitaji mhandisi na kibali cha halmashauri.

Kwa hesabu ya fedha: chumba cha mita 3 kwa 4, jamvi la unene wa sentimita 10, ni mita za ujazo 1.2. Kwa kipimo cha kwanza utahitaji kama mifuko 8. Fundi akisema mitano inatosha, muulize nguvu itatoka wapi.

Angalia pia namba kwenye mfuko, 32.5 au 42.5. Ni kipimo cha nguvu ambayo simenti inatakiwa kuifikia ikipimwa siku ya 28. Kwa nguzo na slabu chukua 42.5. Kwa plasta na kujengea kuta, 32.5 inatosha. Na kwa kuwa huku juu kuna unyevu, panga mifuko juu ya mbao, mbali na ukuta. Simenti yenye mabonge yasiyopondeka kwa vidole usiitumie kwenye zege.

Mchanga, kokoto na maji yetu

Tunaishi kwenye mlima wa volkano. Jiwe jeusi zito lisilo na matundu hutoa kokoto nzuri sana. Yale mawe mepesi yenye vitundu ni dhaifu kwa nguzo na hunywa maji ya kuchanganyia. Ukilazimika kuyatumia kwenye kazi ndogo, yalowanishe kwanza.

Mchanga uwe safi. Weka kidogo kwenye chupa ya maji, tikisa, acha itulie kwa saa chache. Ukiona tabaka nene la tope juu ya mchanga, huo ni wa kuoshwa au kurudishwa. Kokoto zenye udongo mwekundu zioshwe pia, maana simenti haishiki vizuri juu ya tope.

Usichanganyie zege juu ya udongo wa kihamba. Udongo wetu una mbolea na majani yaliyooza, na vitu hivyo huchelewesha simenti kushika. Tandika mabati au tengeneza sakafu ndogo ya kuchanganyia.

Maji ya mfongo yanafaa kama ni meupe. Yakija na tope baada ya mvua, yajaze kwenye mapipa yatulie kwanza. Na pipa lililokuwa na mbege lisuguliwe vizuri kabla: sukari, hata kidogo, huzuia simenti kushika. Mchanganyiko wenye sukari unaweza kulala usiku mzima ukiwa bado laini.

Kuchanganya na kumwaga

Kwa mkono, changanya mchanga na simenti vikiwa vikavu mpaka rangi iwe moja. Ongeza kokoto, geuza tena. Ndipo utie maji kidogo kidogo huku mkigeuza, mpaka kila kokoto imevaa uji wa simenti. Kwa mashine, izungushe kama dakika mbili baada ya kila kitu kuingia.

Kuna kipimo cha koni ambacho fundi wa kuchomelea anaweza kukitengeneza kwa bati: kimo sentimita 30, chini upana wa sentimita 20, juu 10. Jaza zege kwa tabaka tatu, kila tabaka ulichome mara 25 kwa nondo, kisha inua koni taratibu. Zege likishuka sentimita 5 hadi 10, linafaa kushindiliwa kwa mkono. Likianguka na kutandaa kama uji, maji yamezidi. Likisimama bila kushuka kabisa, ni gumu mno.

Gari mara nyingi haliwezi kuingia mpaka kihambani, kwa hiyo zege hupita kwa makarai kwenye mstari mrefu. Changanyia karibu iwezekanavyo, na changanya kiasi ambacho mtakimaliza ndani ya saa moja. Zege lililoanza kushika lisirudishiwe maji ili lilainike. Kulilainisha hivyo ni kuvunja kilichokwisha kuungana.

Kabla ya kumwaga, lowanisha mbao na ardhi bila kuacha madimbwi. Hakikisha nondo zimekaa juu ya biskuti za zege ili zisiguse mbao wala udongo: sentimita 2 na nusu kwa slabu, 5 kwa msingi unaogusa udongo. Usimwage kutoka juu zaidi ya mita moja na nusu, kwa kuwa kokoto hutangulia chini na uji hubaki juu.

Shindilia kila tabaka la sentimita 30. Tumia nondo kuchoma na nyundo kugonga mbao kwa nje, au vaibreta mpaka mapovu yaishe. Hewa ikibaki ndani kwa asilimia 5 tu, nguvu hupungua kwa kama asilimia 30. Ukifungua mbao ukakuta vishimo kama sega la nyuki, ujue halikushindiliwa. Kuziba kwa plasta kunaficha tu. Nguzo ya namna hiyo aione mhandisi.

Tahadhari ya mwili: simenti mbichi huunguza ngozi polepole bila kuhisi mapema. Vaa buti na glovu. Ikiingia kwenye buti au jichoni, osha kwa maji mengi mara moja, na kwa jicho nenda hospitali.

Siku saba za kumwagilia

Mvua ikitishia saa za mwanzo, funika kwa turubai. Mvua ya hapo huosha simenti ya juu, na hapo ndipo vumbi la sakafu linapoanzia. Zege likishashika kiasi kwamba kidole hakiachi alama, maji sasa ni rafiki.

Kwa jamvi na slabu, zungushia kingo ndogo za udongo au mchanga na jaza maji yasimame. Usipoweza, tandaza magunia au majani makavu ya migomba, yalowanishe, na yasikauke mchana wala usiku. Nguzo zifungwe magunia yaliyolowa au nailoni. Siku 7 ndiyo kiwango cha chini. Tangi la maji lipe siku 14. Kumwagia ndoo moja asubuhi na kuacha jua likaushe kabla ya saa nne hakutoshi.

Pia mlima wetu hauna hali ya hewa moja. Ukimwaga Januari au Februari huko chini kuelekea barabara ya Moshi na Arusha, jua na upepo hunyonya maji ya juu kabla zege halijashika, na nyufa hutokea siku hiyohiyo. Mwaga alfajiri au jioni, funika kwa nailoni mara tu unapomaliza kusawazisha. Juu, upande wa Umbwe, tatizo la Juni na Julai ni baridi. Zege halikauki haraka, lakini pia hukomaa polepole: kwenye nyuzi joto 10 huchukua kama mara mbili ya muda wa nyuzi 20. Kwa hiyo usikimbilie kuondoa mirunda. Kwa slabu ndogo acha wiki mbili, kwa bimu wiki tatu, na wakati wa baridi ongeza wiki moja. Mirunda ikitolewa mapema, slabu changa inaweza kuinama au kuanguka juu ya watu.

Nani atamwagilia?

Swali hili liulizwe kabla ya mfuko wa kwanza kufunguliwa. Kama mwenye fedha anarudi mjini tarehe 2 na fundi anahama, mtaje kwa jina kijana atakayemwagilia, na mpangie posho yake kwenye bajeti. Ulizia zamu ya mfongo mapema, au jaza mapipa. Na elewana na fundi kwamba sehemu ya malipo yake atapewa siku ya nane, zege likiwa bado na unyevu. Posho ya kijana huyo ni ndogo sana ukilinganisha na bei ya mifuko minane ya simenti.