Tovuti ya Nyumbani Isiyofikiwa na Wageni

Mtu akiisha kuiweka tovuti yake katika kompyuta ya nyumbani, akaifungua kwa kompyuta iyo hiyo na kuiona imekamilika, hudhani kazi imekwisha. Walakini rafiki aliye mji mwingine akijaribu kuizuru hapati kitu, na hapo wengi hubadili kila kitu kwa pamoja, hata wasijue tena lipi lilikuwa bovu tangu awali na lipi wamelivuruga wenyewe. Dawa yake ni utaratibu: njia ichunguzwe hatua kwa hatua, kutoka ndani kwenda nje.

Kwanza itazamwe seva. Ikiwa inasikiliza katika anwani 127.0.0.1 peke yake, haitamjibu yeyote ila kompyuta ile ambamo imo. Sharti isikilize pia katika anwani ya mtandao wa nyumbani, ambayo aghalabu huanza na 192.168. Simu iliyounganishwa na waifai ya nyumba ikiiona tovuti kwa anwani hiyo, seva ni nzima. Isipoiona, ishukiwe programu ya ulinzi ya kompyuta, nayo iagizwe kuruhusu mlango namba 80, na 443 kwa mawasiliano yaliyofumbwa.

Ifuatayo ni ruta, ambayo ni mfano wa bawabu: watokao huwaachia, lakini mgeni asiyetarajiwa humrudisha, mpaka iagizwe bayana kwamba abishaye mlango namba 80 apelekwe kwa kompyuta fulani. Kompyuta hiyo nayo itengewe anwani ya kudumu, maana ruta hugawa anwani kwa muda tu, na ikibadilika agizo lile huwa halina maana. Kisha jaribio lifanywe kwa simu iliyozimwa waifai, inayotumia data, kwa sababu ruta kadhaa hushindwa kumhudumia aliye ndani anapopitia anwani ya nje, na tovuti isiyo na kasoro ikadhaniwa mbovu.

Ikiwa bado haifikiwi, isomwe anwani ya nje iliyoandikwa ndani ya ruta, ilinganishwe na ile ionekanayo na ulimwengu. Zikitofautiana, na hasa ile ya ruta ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, ni dalili kwamba kampuni ya intaneti imewakusanya wateja wengi nyuma ya anwani moja, wala hakuna tengenezo la nyumbani litakalofaa. Asili yake ni uhaba: IPv4, mfumo wa zamani wa anwani za intaneti, ina anwani takriban bilioni 4.3 tu, na akiba yake kuu ilimalizika kugawiwa Februari 2011. Mteja hana budi kuomba anwani ya hadhara, kutumia mfumo mpya wa IPv6, au kuwapitisha wageni katika seva ya kukodi.

Aliyekata tamaa huzima ulinzi wote ili tovuti ionekane, na kwa kufanya hivyo huwaachia wahalifu kompyuta yenye picha, barua na hesabu za jamaa zake. Mwenye kufuata utaratibu hana haja ya hatari hiyo, kwa kuwa ameujua kwa yakini mlango unaostahili kufunguliwa, na mingine yote akaiacha imefungwa.