Dhahabu ni ya nani: ya serikali, ya mwami, ao ya mwenye kuichimba?

Mchimbaji wa Kamituga anashuka shimoni na tochi kichwani, anapanda na mfuko wa mawe. Mbele mawe hayajafika kwa mama wa kutwanga, hesabu imekwisha kuanza: sehemu ya PDG wa shimo, sehemu ya kooperative, sehemu ya mwenye shamba, na makuta ya barieri njiani. Hapo ndipo siasa inaanza. Ile dhahabu ilikuwa ya nani?

Kila fikra ya siasa iko na jibu lake. Wasoshalisti wanasema utajiri wa udongo ni wa watu wote, basi serikali iushike kwa niaba yao. Wenye kushika desturi wanasema udongo ni wa wahenga, na mwami ndiye mlinzi wake. Waliberali wanasema mtu achimbe na kuuza kwa uhuru, lakini alipe kodi ya kujenga shule na barabara.

Walibertari wanaenda mbali zaidi. Kwao, mtu ni mwenye mwili wake, jasho lake, na kila kitu alichopata bila kuiba wala kudanganya. Mwalimu mmoja wa Marekani, Robert Nozick, aliandika mwaka 1974 kwamba serikali ya haki iko na kazi chache tu: kuzuia nguvu, wizi na udanganyifu, na kuona mapatano yanatimizwa. Kukata kodi kwa jasho la mtu, hata kwa kusaidia maskini, alikufananisha na kazi ya kulazimishwa.

Sheria yetu ilichagua njia ingine. Tangu sheria Bakajika ya 1966, udongo na madini yake viko mikononi mwa serikali, na Kodi ya Madini ya 2002 ilirudilia neno hilo. Mabadiliko ya 2018 yanaomba mchimbaji wa mkono awe na karte, awe ndani ya kooperative, na achimbe kwenye eneo lililotengwa.

Wengine watasema: lakini sisi tayari tunaishi kilibertari! Mobutu alifungulia watu uchimbaji wa mkono katika miaka ya 1982 na 1983, na tangu hapo kila mtu anajitafutia: Artikeli 15. Hapana. Mlibertari anataka serikali ndogo, lakini yenye kulinda. Sisi tumezoea serikali ndogo kwa kulinda na kubwa kwa kuchukua. Mwenye bunduki anayekata mfuko wako barierini, kwake ni mwizi, hata akivaa uniforme.

Mwaka 2010 unawapa nguvu. Mwezi wa Septemba, Rais Kabila alisimamisha uchimbaji wa mkono Kivu ya Kaskazini, Kivu ya Kusini na Maniema. Ulifunguliwa tena Machi 2011. Neno moja kutoka juu, na nyumba zilizokula kwa shimo zikakosa hata minervali ya watoto.

Lakini fikra yao inajikwaa kwetu pahali pawili. Kwanza, mali ya haki inataka mwanzo wa haki. Kampuni za ukoloni zilipewa vilima bila wenyeji kuulizwa, kisha vyeti vikapita mkono kwa mkono. Nozick mwenyewe alikubali kwamba wizi wa zamani lazima urekebishwe. Hesabu hiyo nani ataifanya? Pili, zebaki ya kusafishia dhahabu inashuka mtoni. Mlibertari atamwambia jirani apeleke mashtaka. Kwa tribunali gani, na makuta gani?

Si lazima kuwa mlibertari kwa kuazima swali lake. Kila mkono unaonyooshwa kwenye mfuko wako, uulize: ni sheria gani? Risiti iko wapi? Na si barierini tu. Kwa sheria ya 2018, ile redevance inayolipwa na wenye vyeti vya kuchimba inagawanywa: 50% kwa serikali kuu, 25% kwa provensi, 15% kwa mji, komini, sekta ao shefferi ya pale madini yanatoka, na 10% kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Ile 15% iko karibu na mlango wako. Kwenye mkutano wa komini ao wa shefferi, simama uulize imejenga nini.