Mbolezi: Kilio cha Mwanamke Muumini

Swali la fasihi simulizi katika Karatasi ya Tatu huja mara nyingi likiwa na utungo. Unatakiwa kuutambua na kuuchanganua. Soma mbolezi ifuatayo, iliyotungwa kwa ajili ya zoezi hili.

Ee dada, nani atanifungulia mlango?
Jumamosi ya zamu yetu ya kufagia kanisa nilikuja peke yangu,
Ufagio wako umeegemea ukuta, unakungoja.
*Nenda dada, nenda, tutaonana.*

Kifo, mgeni usiyebisha hodi,
Umepita nyumba za wazee, ukaingia kwa mama wa watoto wachanga.
Ulimwona akishona sare za mayatima, hukuona haya?
*Nenda dada, nenda, tutaonana.*

Tulikopeshana chumvi, tukakopeshana leso,
Mwanangu alipougua, wewe ndiwe uliyekesha kwenye benchi la hospitali.
Leo nalia, na Mungu wangu hanikemei.
*Nenda dada, nenda, tutaonana.*

Bwana, umempokea, yapokee na machozi yangu.
Tukisema "Amina", sauti yangu ni nusu,
Nusu ya pili ameondoka nayo.
*Nenda dada, nenda, tutaonana.*

Kipera

Huu ni wimbo wa maombolezo, yaani mbolezi. Ithibati: nafsineni anamlilia marehemu, anamsifu na kumuaga. Usikimbilie kusema ni wimbo wa dini kwa sababu umeona "Bwana", "kanisa" na "Amina". Msamiati peke yake hauamui kipera. Jiulize: unaimbwa wakati gani na kwa lengo gani?

Nafsineni na nafsinenewa

Nafsineni ni mwanamke Mkristo aliyefiwa na rafiki. "Dada" hapa si lazima awe ndugu wa damu. Wanawake wa kanisa moja huitana hivyo. Urafiki wao unathibitishwa na zamu ya kufagia, chumvi na leso walizokopeshana.

Nafsinenewa hubadilika. Katika ubeti wa kwanza na wa tatu ni marehemu, katika wa pili ni kifo, na katika wa nne ni Mungu. Mtahiniwa anayeandika "marehemu" pekee hupoteza alama.

Toni: je, imani huzuia kilio?

Hapa ndipo wengi hukwama. Wengine huandika "toni ya huzuni" na kuacha hapo. Wengine hudai kuwa nafsineni amepoteza imani kwa kuwa analalamika. Soma tena. Lawama ya ubeti wa pili inaelekezwa kwa kifo, Mungu halaumiwi. Kwa Mungu anapeleka ombi: ayapokee machozi yake. Toni basi ni ya huzuni, ya malalamiko, ya shukrani na, katika kiitikio, ya matumaini. Neno "tutaonana" linatokana na imani ya Kikristo kuhusu ufufuo.

Msimamo huu una mizizi katika Biblia. Katika Yohana sura ya 11, Yesu alilia rafiki yake Lazaro alipofariki, ingawa alikuwa karibu kumfufua. Katika Matendo ya Mitume 9:36–42, Dorkasi wa Yafa alipofariki, wajane walimwonyesha Petro nguo alizowashonea huku wakilia. Walimsifu kwa kazi ya mikono yake, na mbolezi yetu inafanya vivyo hivyo: sare za mayatima na usiku wa kukesha hospitalini ndio ushahidi wa maisha ya marehemu.

Kwa hiyo, ukiulizwa kuhusu taswira ya mwanamke, usiandike kwamba ni dhaifu kwa sababu analia. Mwanamke katika utungo huu ni mkarimu, mwajibikaji, mwenye utu na jasiri wa kukihoji kifo.

Mbinu za lugha

- Tashihisi: kifo kinapewa sifa za mgeni, ufagio unangoja.
- Balagha: "hukuona haya?"
- Takriri: kiitikio kinachorudiwa.
- Taashira: ufagio huashiria pengo aliloacha marehemu.

Umuhimu wa mbolezi

Huliwaza waliofiwa, huwaunganisha waombolezaji kupitia kiitikio, huhifadhi kumbukumbu ya marehemu na huonyesha mtazamo wa jamii kuhusu kifo. Pia humpa mlizi ruhusa ya kulia mbele ya watu. Huenda wewe mwenyewe umempoteza mwenzako wa dawati, ukaambiwa ujikaze kwa kuwa mtu wa imani halii. Mshororo wa mwisho kabla ya kiitikio katika ubeti wa tatu unakujibu. Lia, kisha zungumza na mwalimu, mzazi au mchungaji.

Maswali ya marudio

1. Eleza sifa tatu za mbolezi zinazojitokeza katika utungo huu. (alama 6)
2. Fafanua jinsi nafsineni anavyosawazisha imani na majonzi. (alama 4)
3. Taja shughuli mbili za kijamii zinazodokezwa katika utungo. (alama 2)
4. Tunga mbolezi ya beti mbili kumlilia rafiki. Itaje kazi moja aliyoifanya kwa mikono yake. (alama 8)