Postbridge: Kitongoji Kilichozaliwa na Daraja

Katika jimbo la Devon, kusini-magharibi mwa Uingereza, umeinuka uwanda mpana wa juu uitwao Dartmoor. Hifadhi ya taifa iliyoundwa huko mwaka 1951 ina ukubwa wa kilometa za mraba 954. Nyika hii si ya miiba wala vumbi. Ni nchi ya mvua, upepo na ukungu, yenye majani magumu na vichaka vifupi vya maua ya zambarau; na juu ya vilima vyake yamesimama majabali ya granaiti mithili ya ngome zilizobomoka. Kilele kilicho kirefu kuliko vyote, High Willhays, kina meta 621 tu. Lakini ukungu ushukapo, hata mwenyeji aweza kupotea karibu na zizi lake.

Katikati ya nyika hiyo, mahali unapopita mto Dart wa Mashariki, kipo kitongoji cha Postbridge. Nyumba zake ni chache. Kina kanisa dogo, duka, nyumba ya wageni na kituo cha kuwapokea watalii. Apitaye kwa gari hukimaliza kabla hajauliza jina lake. Je, ni kitu gani kilichowafanya watu waweke maskani mahali pa baridi kama hapa?

Jawabu limo mtoni. Dart hufurika upesi baada ya mvua, na pembeni mwake mna vinamasi. Katika Zama za Kati wachimbaji wa bati walihitaji kuvusha farasi wao wa mizigo kuelekea mji wa Tavistock, ambako madini hayo yalipimwa na kutozwa ushuru. Ndipo likajengwa daraja la mabamba ya granaiti yaliyolazwa juu ya nguzo za mawe. Bamba moja lina urefu upatao meta 4 na uzito uzidio tani 8. Latajwa katika kumbukumbu za karne ya 14, na lingalipo hadi leo. Kando yake lilijengwa daraja la pili katika miaka ya 1780, nalo ndilo lipitishalo magari.

Kazi zilikuja na kuondoka. Baada ya bati ilikuja baruti. Mwaka 1844 kilianzishwa kiwanda cha baruti karibu na kitongoji, kwa ajili ya migodi na machimbo ya mawe. Upweke wa nyika, ambao kwa wengine ni adhabu, kwa kazi hiyo ulikuwa kinga. Majengo yalitengwa mbalimbali, kuta zikafanywa nene na mapaa mepesi, ili mlipuko ukitokea nguvu yake iende juu, isiwafikie wafanyakazi wa jengo jirani. Magurudumu yaliendeshwa na maji. Baruti kali ya dinamiti ilipoenea, kiwanda kilikosa soko. Kabla ya karne ya 19 kwisha kilikuwa kimefungwa, na magofu yake yanaonekana mpaka sasa.

Askari nao wanaifahamu nyika hii. Tangu karne ya 19 jeshi la Uingereza limekuwa likifanyia mazoezi huko, hasa upande wa kaskazini. Siku za kulenga shabaha kwa risasi za kweli hutangazwa mapema. Bendera nyekundu ikipepea mchana, au taa nyekundu ikiwaka usiku, raia haruhusiwi kuvuka mpaka.

Barabara yenyewe ina sifa mbaya. Yasemekana kwamba karibu na Postbridge mikono yenye manyoya hutokea ghafla na kuushika usukani. Ajali zilitokea kweli: mwaka 1921 daktari wa Gereza la Dartmoor, lililo katika mji jirani wa Princetown, alikufa akiendesha pikipiki. Lakini barabara nyembamba, yenye kona na ukungu, haihitaji shetani ili iue. Mwendo wa kasi watosha.

Lililobaki, baada ya bati na baruti, ni malisho na maji. Wafugaji wenye haki ya kuchunga katika ardhi ya pamoja huachia humo ng'ombe, kondoo na farasi wadogo. Kila vuli farasi hao hukusanywa na kutengwa, kila mwenyewe akatambua wake.

Chini ya kwato hizo umelala udongo mweusi wa mimea isiyooza kabisa, uliojilimbika kwa maelfu ya miaka. Familia za zamani ziliukata, zikaukausha na kuupikia. Udongo huo hunyonya mvua kama sifongo na kuiachia mito kidogo kidogo. Mahali ulipochimbwa, kuchomwa au kupasuliwa mifereji, hukauka na kumomonyoka. Mvua ikinyesha, maji hukimbilia bondeni kwa pamoja, na jua likiwaka, moto hushika kwa urahisi. Ndiyo sababu katika miaka hii mifereji mingi ya nyikani inazibwa kwa udongo, magogo na mawe, ili maji yakae.

Wafugaji wengine wana wasiwasi: nyasi zikizama, mifugo italishwa wapi? Shauri hilo haliwezi kuamuliwa na mtu mmoja, kwa kuwa malisho ni ya wengi, na maji ya Dart huteremka hadi kwa watu wa pwani ya Dartmouth. Daraja la Postbridge limesimama karne nyingi kwa sababu kila bamba limeegemea nguzo mbili. Mfugaji wa juu na mkazi wa bondeni nao wamelazimika kuegemeana.