Mashine Hujibu kwa Sheria ya Nani?

Katika Pongwe, penye machimbo ya chokaa na kiwanda cha saruji kando ya njia iendayo Muheza, mwanafunzi wa sheria ni zaidi ya mwanafunzi. Arudipo likizo kutoka Chuo cha Uongozi wa Mahakama Lushoto, jirani humletea barua ya kuachishwa kazi na kusema, "Mwanangu, hebu nisomee, wanasema nini hapa?" Basi namna kijana huyo anavyojifunza kujibu maswali ya chuoni ni jambo lituhusulo sisi wafanyakazi.

Tangu ChatGPT ilipotokea Novemba 2022, wako wanafunzi waipelekeao akili mnemba maswali yao ya nyumbani. Hatuoni sababu ya kuwagombeza. Vitabu vya sheria ni ghali, na mashine haichoki kueleza, hata usiku wa manane, tena kwa Kiswahili. Huweza pia kumwonyesha mwanafunzi hoja ya upande wa pili ambayo hakuifikiria.

Lakini chukua swali moja: mfanyakazi ameachishwa bila haki, ana muda gani wa kudai? Kwa kanuni zetu za mwaka 2007, shauri hilo sharti lifike Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. Mashine hizi zimefunzwa kwa maandishi mengi mno, na sehemu kubwa yametoka ng'ambo. Uingereza, kwa miaka mingi, muda wa shauri kama hilo ulihesabiwa miezi mitatu kasoro siku moja. Mwanafunzi asiyeitaja Tanzania katika swali lake aweza kupewa jibu la huko, limepangwa vizuri na lina sauti ya hakika. Darasani atapoteza alama chache. Jirani yake aliyengoja hadi mwezi wa pili atalazimika kuomba aongezewe muda, na huenda asikubaliwe.

Juni 2023, mawakili wawili wa New York walitozwa faini ya dola 5,000 pamoja na ofisi yao, kwa kupeleka mahakamani kesi zilizobuniwa na mashine. Dunia ilicheka. Hata hivyo, kesi ya kubuni hufichuka mara itafutwapo. Sheria ya kweli ya nchi nyingine ni hatari zaidi, kwa kuwa ukiitafuta utaikuta.

Chuo Kikuu kilipoanza Dar es Salaam Oktoba 1961, kwa masomo ya sheria, ndani ya jengo la TANU la Mtaa wa Lumumba, vitabu vya Kiingereza ndivyo vilivyotegemewa. Lakini kitabu kilikuwa na jalada. Ulisoma ukajua kimechapwa London. Jibu la mashine halina jalada.

Sheria zetu na hukumu za mahakama zetu zimo bure katika TanzLII, nazo husomeka kwa simu. Mwanafunzi na aanzie huko, akisha kushika kifungu na mwaka wake ndipo aiombe mashine imfafanulie. Walimu nao wasipokee jibu lisilotaja kifungu. Na wewe jirani mwenye barua mkononi, usingoje kijana afike likizo: siku zako 30 zimekwisha kuanza kuhesabiwa.