Baipasi kwa Wazee: Moyo Uliosimamishwa na Moyo Unaodunda

Upasuaji wa baipasi huipa damu njia ya pembeni pale ambapo mshipa unaoulisha moyo umebanwa na mafuta yaliyojijenga ukutani mwake. Daktari huchukua mshipa mwingine wa mwili wa mgonjwa mwenyewe, na mara nyingi huushona upande mmoja kwenye aota, yaani ateri kuu inayotoka moyoni, na upande wa pili baada ya kizibo. Kizibo chenyewe huachwa kilipo. Mshipa unaoshonewa una upana wa milimita mbili hivi, na uzi unaotumika ni mwembamba kama unywele, kwa hiyo daktari hushona akiwa amevaa miwani ya kukuzia. Ugumu ni kwamba moyo hautulii, na mbinu mbili kuu za baipasi zilizaliwa na ugumu huo.

Mbinu ya kwanza ni kuusimamisha moyo. Damu hutiwa heparini isigande, ikatolewa kwa mirija hadi kwenye mashine inayoitia oksijeni na kuirudisha mwilini kupitia aota. Aota hubanwa kwa koleo, moyo hupewa maji yenye potasiamu, nao huacha kupiga. Daktari hushona kwa utulivu, na kazi ikiisha koleo huachiliwa, damu hurudi na mapigo huanza upya. John Gibbon wa Philadelphia alikuwa wa kwanza kufanikiwa kumpasua mtu moyo kwa msaada wa mashine ya namna hiyo, Mei 1953, alipoziba tundu katika moyo wa msichana. Mwaka 1967 René Favaloro, daktari wa Argentina aliyekuwa akifanya kazi Cleveland, alianza kutumia vena ya mguu kuvuka mishipa iliyoziba, na kuanzia hapo baipasi ikaenea duniani.

Mbinu ya pili ni kuuacha moyo udunde. Vasilii Kolesov wa Leningrad alikuwa ameshona ateri ya kifua kwenye mshipa wa moyo bila mashine tangu 1964, lakini kazi yake ilifunikwa na mafanikio ya mashine. Iliyoifufua ni Amerika ya Kusini, miaka ya 1980, kupitia Federico Benetti wa Argentina na Enio Buffolo wa Brazili, katika hospitali ambazo gharama ya mashine na vifaa vyake ilikuwa mzigo mzito. Hospitali za Afrika Mashariki zinaujua vizuri mzigo huo. Siku hizi kifaa chenye vidole vya kunyonya hushika kipande kidogo tu cha moyo kisitikisike, huku sehemu nyingine ikiendelea kupiga. Kimrija chembamba huweza kutumbukizwa ndani ya mshipa damu isikatike wakati wa kushona. Sehemu ngumu ni ukuta wa nyuma: ili kuufikia, moyo huinuliwa na kugeuzwa, na mara nyingi presha huporomoka papo hapo. Daktari wa nusukaputi humwinamisha mgonjwa kichwa chini, humwongezea maji na dawa, na wakati mwingine humwambia mpasuaji aurudishe moyo mahali pake asubiri.

Kwa mtu wa miaka 50, tofauti ya mbinu hizi haimsumbui sana daktari. Kwa mzee inamsumbua, kwa sababu mashine hudai gharama yake kwenye viungo vilivyokwisha kuchoka. Damu inapogusa mirija na plastiki, mwili mzima hujibu kwa uvimbe. Figo na mapafu huelemewa. Hatari kubwa zaidi iko kwenye aota. Ya kijana ni laini, lakini ya mzee mara nyingi imejaa chokaa na mafuta, na koleo likiibana vipande huweza kumeguka, vikasafiri na damu hadi kwenye ubongo. Matokeo yake ni kiharusi.

Hali huwa nzito zaidi kwa mzee aliyeishi na presha bila tiba. Utafiti wa nyumba kwa nyumba uliofanywa katika mtaa wa Kibera jijini Nairobi na kuchapishwa mwaka 2014 ulikuta kwamba zaidi ya mtu mzima mmoja kati ya watano ana shinikizo la damu, na wengi wao hawakuwa na habari. Mzee wa Soweto West, moja ya vijiji vya Kibera, aliyekaa na presha kwa miaka 20 bila kupimwa huweza kufika hospitalini figo zikiwa zimedhoofika na aota ikiwa ngumu kabla hata mishipa ya moyo haijatajwa.

Kwa hiyo ilitarajiwa kwamba baipasi bila mashine ingewaokoa wazee wengi. Matumaini hayo yalipimwa Ujerumani katika utafiti wa GOPCABE, uliochapishwa 2013, ambapo zaidi ya wagonjwa 2,300 wenye miaka 75 na kuendelea waligawanywa kwa bahati nasibu. Baada ya siku 30, jumla ya waliofariki, waliopata kiharusi au mshtuko wa moyo, waliolazimika kusafishwa damu kwa mashine ya figo au kufunguliwa mishipa upya ilikuwa asilimia 7.8 kwa waliopasuliwa bila mashine na 8.2 kwa waliowekwa kwenye mashine. Pengo hilo ni dogo mno kuwa na maana. Lililojitokeza ni jingine: waliorudishwa kufunguliwa mishipa upya walikuwa asilimia 1.3 bila mashine, dhidi ya 0.4. Baada ya miaka mitano vifo vilikuwa asilimia 31 bila mashine na 33 kwa mashine. Hata hivyo, wagonjwa ambao si mishipa yao yote iliyohitaji baipasi iliyofikiwa walikuwa wengi zaidi upande wa moyo unaodunda, asilimia 34 dhidi ya 29, na waliobaki na mishipa isiyofikiwa hawakuishi sawa na wenzao.

Tafiti nyingine mbili husaidia kuyaelewa matokeo hayo. CORONARY, uliohusisha wagonjwa 4,752 katika nchi 19, uliwakubali madaktari waliokuwa wamekwisha kufanya zaidi ya pasuo 100 za mbinu wanayoitumia, na baada ya miaka mitano mbinu zote mbili zilitoka sawa. ROOBY, wa wanajeshi wastaafu wa Marekani, uliwaruhusu pia madaktari waliokuwa bado mafunzoni. Huko, baada ya miaka mitano, waliofariki walikuwa asilimia 15.2 bila mashine na 11.9 kwa mashine. Ukiziweka pamoja, tafiti hizi zinaonyesha kwamba kushona kwenye moyo unaodunda kunahitaji mkono uliozoea. Mikononi mwa asiyezoea, faida ya kuikwepa mashine hupotelea kwenye mishono mibovu.

Jambo hili lina uzito wa pekee Afrika Mashariki. Kwa miongo mingi sehemu kubwa ya upasuaji wa moyo katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta na Hospitali ya Mater jijini Nairobi imekuwa ya vali zilizoharibiwa na homa ya baridi yabisi na ya watoto waliozaliwa na kasoro za moyo. Kazi hizo hufanywa kwa mashine, na timu zimeizoea. Mahali ambapo baipasi ni chache kuliko pasuo za vali, mashine ndiyo chaguo la busara kwa mzee wa kawaida, hata kama kwenye karatasi njia ya pili inavutia.

Ziko hali zinazobadilisha hesabu. Aota ikiwa ngumu kama kauri, haifai kubanwa kabisa. Daktari makini huipima kwa kuweka kipimo cha mawimbi ya sauti juu ya aota yenyewe baada ya kifua kufunguliwa, kwani vidole peke yake hukosa mafuta laini yaliyo ndani. Ikigundulika kuwa ni mbovu, njia salama ni kufanya kazi moyo ukidunda na kutoigusa aota hata kidogo: ateri ya ndani ya kifua huachwa kwenye shina lake la asili, na mishipa mingine huunganishwa nayo. Mgonjwa wa namna hiyo anastahili kupelekwa kwa daktari aliyebobea katika mbinu hiyo, hata kama itabidi asafiri.

Chaguo la mshipa wa kupandikiza nalo lina uzito, ingawa wagonjwa huliuliza mara chache. Ateri ya kushoto ya ndani ya kifua hubaki wazi kwa wagonjwa takribani tisa kati ya kumi baada ya miaka kumi; vena za mguu, karibu nusu huwa zimeziba kufikia wakati huo. Kwa hiyo hata mzee wa miaka 80 hupewa ateri ya kifua kwa mshipa wa mbele wa moyo, ulio muhimu kuliko yote. Kutumia ateri zote mbili za kifua hakukuongeza maisha katika utafiti mkubwa wa ART ulioripotiwa 2019, na kwa mzee mwenye kisukari huongeza hatari ya mfupa wa kidari kutopona. Kwake, ateri moja na vena nzuri za mguu zinatosha.

Umri ulioandikwa kwenye kitambulisho hausemi mengi kuhusu nani atastahimili. Kipimo rahisi hufanywa kwenye korido ya wodi: mgonjwa hutembea mita 5 kwa mwendo wake wa kawaida huku muda ukihesabiwa. Anayetumia sekunde 6 au zaidi yuko katika hatari kubwa zaidi ya kufariki au kupata madhara makubwa, na kwake stenti, yaani kimrija cha wavu kinachoupanua mshipa kutoka ndani, au dawa peke yake huweza kuwa bora.

Mbinu yoyote itakayotumika, kidari kilichokatwa huhitaji kati ya wiki 6 na 12 kushikana. Katika muda huo mgonjwa hatakiwi kuinua mzigo wala kujisukuma kwa mikono. Soweto West, mtungi wa maji wa lita 20 una uzito wa kilo 20, na kuinuka kutoka choo cha kuchuchumaa hulazimisha mikono kushika ukuta. Mambo hayo yanafaa kupangwa na familia kabla ya siku ya upasuaji: nani atachota maji, kiti gani kitawekwa chooni, na nani atamsindikiza mzee kliniki ya Kenyatta. Malipo nayo huulizwa mapema, kwani tangu Oktoba 2024 bima ya afya ya umma nchini Kenya iko chini ya Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, iliyochukua nafasi ya mfuko wa zamani wa bima, NHIF. Aspirini na dawa ya kushusha mafuta huendelea kunywewa kila siku, maisha yote, pamoja na zile za presha na sukari, ambazo mzee huweza kuendelea kufuatilia katika kituo cha afya kilicho karibu na nyumbani.