Mionzi na Saratani ya Umio (Sehemu ya Pili)

Katika sehemu ya kwanza tulieleza jinsi saratani ya umio inavyoanza, na kwamba eneo hili la majani chai, Bomet na Kericho nchini Kenya, linasumbuliwa nayo kuliko sehemu nyingi duniani. Leo tuingie chumba cha mionzi.

Mgonjwa kutoka Mogogosiek, kaunti ya Bomet, mara nyingi hufika hospitalini akiwa amechelewa. Ugali ulianza kukwama, akahamia uji, sasa hata maji hupita kwa taabu. Hospitali ya Tenwek, hapo Bomet, ina uzoefu wa miaka mingi wa kuwawekea wagonjwa hawa kijibomba cha wavu wa chuma ili chakula kipite. Msaada huo ni mkubwa, lakini uvimbe hubaki. Kuupiga uvimbe wenyewe ni kazi ya upasuaji, dawa na mionzi.

Mashine ya kisasa hukimbiza elektroni kwa umeme hadi karibu na kasi ya mwanga, kisha huzigonganisha na chuma kizito. Hapo hutoka eksirei zenye nguvu kuliko zile za kupiga picha ya mfupa. Zikipenya mwilini hukata DNA, ule uzi wenye maagizo ya uhai wa seli. Seli iliyokatwa hivyo haifi papo hapo. Wengi hudhani imeungua. Kumbe hufa inapojaribu kugawanyika, ndiyo maana uvimbe huendelea kunywea wiki kadhaa baada ya tiba kwisha.

Seli nzima nazo huumia, ila hujirekebisha vizuri zaidi. Kwa hiyo dozi hugawanywa. Mpango mmoja unaotumika sana kwa umio, pamoja na dawa, ni grei 50.4 (grei ni kipimo cha dozi ya mionzi) kwa mara 28: grei 1.8 kwa siku, siku tano kwa wiki. Mgonjwa huchorwa alama ndogo kifuani, hulazwa juu ya meza ngumu na kuambiwa atulie. Wahudumu hutoka, mlango mzito hufungwa, nao humwangalia kwa kamera huku mkono wa mashine ukimzunguka. Hasikii maumivu. Mashine ikizimwa, hakuna mionzi inayobaki mwilini. Mama anaweza kurudi nyumbani na kumpakata mtoto wake bila hofu.

Shida huja kwenye wiki ya pili au ya tatu. Umio huvimba na kuwasha, kumeza kunakuwa kugumu kuliko mwanzo, na jamaa huanza kusema tiba inamwua mzee wao. Wengi hukatisha tiba hapo. Lakini seli za saratani zilizosalia zikipewa nafasi huongezeka kwa kasi, na siku zilizorukwa hupunguza uwezekano wa kupona. Mwambieni daktari mapema: kuna dawa za maumivu, chakula laini, hata mpira wa kulishia. Chai ipoe kwanza; tangu 2016 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani limeviweka vinywaji vinavyozidi nyuzi 65 za Selsiasi miongoni mwa vitu vinavyoelekea kusababisha saratani.

Tatizo jingine ni umbali: mashine ziko katika miji kama Nakuru, Eldoret na Nairobi. Hakuna mgonjwa dhaifu awezaye kupanda matatu kutoka Mogogosiek kila asubuhi kwa wiki tano na zaidi. Kaunti zetu zikigharamia malazi karibu na hospitali, pamoja na chakula cha mgonjwa na mtu wa kumtunza, zitakuwa zimelipia sehemu ya tiba yenyewe. Malazi hayo yaombwe siku ileile tarehe ya kuanza mionzi inapopangwa.